Utamaduni Wetu Ugenini: Amana au Bidhaa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila mtu atokaye kwao kwenda ugenini huchukua sifa za kwao pamoja na mzigo wake. Wenyeji humtazama anavyoamkia, anavyokula, anavyolipa deni lake, na kwa yeye huwapima wote aliowaacha nyuma. Mataifa nayo ni hivyo hivyo. Taifa hupeleka nje lugha yake, ngoma zake, vinyago vyake, walimu na wanafunzi wake, na hukaribisha wageni ndani, ili lijulikane na lipendwe. Wenye elimu ya mambo ya serikali huiita kazi hii diplomasia ya utamaduni.

Kazi hiyo nchi yetu imeifanya tangu ilipopata uhuru, tena kwa bidii. Walakini mwenye kuzingatia ataona kuwa shabaha yake haikubaki ile ile. Kwanza tuliutoa utamaduni wetu nje ili tuheshimiwe. Kisha tukafungua milango yetu ili tuwasaidie ndugu zetu waliodhulumiwa. Na hii leo twautoa zaidi ili tupate watalii, masoko na ajira. Suali ambalo nataka tulitazame pamoja ni hili: je, shabaha ikibadilika, kitu chenyewe hubaki kile kile? Na Muislamu, aliyefundishwa kuwa amali hupimwa kwa nia, alipime vipi jambo hili?

SHABAHA YA KWANZA: HESHIMA

Mkoloni hakututawala ardhi peke yake. Alitufundisha pia kuzionea haya ngoma zetu, majina yetu na lugha zetu, mpaka mtu akajiona amestaarabika kwa kadiri anavyojitenga na wazazi wake. Ndiyo maana Disemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kuwa dhara hili lilikuwa kubwa katika madhara ya ukoloni. Katika miaka iliyofuata kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1967 likaanzishwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa.

Sisi wa Morogoro tulikuwa na fungu letu. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz, pamoja na Mbaraka Mwinshehe, ilipelekwa Japani katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Osaka. Sikusudii hapa kuingia katika hukumu ya muziki. Wanavyuoni wameieleza mahali pake, na mwenye kuitaka ataitafuta huko. Nautaja msafara huo kwa sababu ya nia yake. Maonyesho yale yalikuwa na biashara nyingi ndani yake, lakini nchi changa iliyotoka katika utawala wa wageni miaka tisa tu kabla yake ilikuwa na haja moja kubwa: isimame mbele ya walimwengu na kusema kuwa nasi ni watu, tuna chetu.

Nia hiyo ilikuwa nzuri. Lakini nayo ilikuwa na maradhi yake ya kuchungwa, kwani mwenye kutafuta kuheshimiwa na watu huwa jirani wa riya, na riya ni kitu ambacho Bwana Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha nacho sana. Anayefanya jambo ili aonekane, siku asipoonekana hulitupa.

SHABAHA YA PILI: UDUGU

Shabaha ya pili twaweza kuiona kwa macho yetu hapa hapa Morogoro, katika kitongoji cha Mazimbu, si mbali na mjini.

Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilipounda Kamati ya Ukombozi, makao yake yaliwekwa Dar es Salaam, na yakabaki huko mpaka kazi ilipokwisha mwaka 1994. Mwaka 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa hapa Morogoro, na mpaka leo wanahistoria wa nchi hiyo huuita kwa jina la mji wetu. Kisha Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi, na maelfu ya vijana wakakimbia nchi yao bila ya vitabu wala wazazi. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC ardhi ya Mazimbu, iliyokuwa shamba la mkonge la zamani. Pale pakajengwa skuli yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na masomo tangu ya watoto wadogo mpaka sekondari, palikuwa na hospitali, shamba na karakana. Fedha nyingi za ujenzi zilitoka kwa marafiki wa nje, kama Sweden na Norway. Ardhi na hifadhi zilitoka kwetu.

Msomaji mwenye umri anaikumbuka hali yetu ya miaka ile. Tulikuwa maskini. Tulikuwa na vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kisha ukaja uhaba wa sukari, sabuni na nguo. Hatari nayo ilikuwako, kwani Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa kifurushi cha kitabu kilichotiwa bomu. Hata hivyo hatukuwaambia wageni wetu kuwa chumba kimejaa.

Na huo nao ulikuwa utamaduni ukifanya kazi, hata kama hapana aliyepiga ngoma. Vijana wale walikaa nasi, wakajifunza Kiswahili sokoni na majumbani, wakaoana na watu wetu, wakazika wafu wao katika ardhi yetu; makaburi yao yako Mazimbu mpaka leo. Waluguru walikuwa tayari na mila ya utani, ambayo kwayo mtu wa kabila la mbali huingia msibani mwako, akachota maji, akapika, akakufanyia mzaha katikati ya machozi, wala hapana anayemlipa. Wazee wetu walijua namna ya kuishi na mgeni kabla ya kuwako ubalozi.

Mwaka 1992, mambo yalipobadilika Afrika Kusini, ANC waliikabidhi Mazimbu kwa serikali yetu pamoja na majengo yake, na hii leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Tulitoa pori la mkonge, tukarudishiwa skuli na hospitali. Hatukuyaomba hayo. Tenda wema nenda zako.

SHABAHA YA TATU: FAIDA

Baadaye dunia ilibadilika. Dhiki ya miaka ya 1980 ilitufundisha kuwa taifa haliwezi kuishi kwa sifa njema peke yake. Mwaka 2001 nchi ikatoa Sera mpya ya Mambo ya Nje, iliyoweka mbele diplomasia ya uchumi: balozi atakiwe kuleta wenye mitaji, kutafuta masoko na kuvuta watalii. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alionekana katika filamu ya Royal Tour, akimtembeza mwandishi wa Marekani, Peter Greenberg, katika nchi yetu. Filamu ikazinduliwa New York mwezi wa Aprili. Watalii waliotoka nje walikuwa zaidi ya 900,000 mwaka 2021, na mwaka 2023 walifika zaidi ya 1,800,000. Kupungua kwa maradhi ya korona kulichangia ongezeko hilo, lakini hapana asemaye kuwa juhudi ile haikuwa na athari.

Kiswahili nacho kimepanda daraja. Agosti 2019 kilikuwa lugha rasmi ya nne ya SADC. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kiwe lugha rasmi ya kazi. Na Afrika Kusini, ambayo vijana wake walijifunza lugha hii katika masoko yetu, ilitangaza mwaka 2018 kuwa itakifanya somo la hiari katika skuli zake. Haya yote ni ya kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini sikiliza maneno yanayotumika tunapoyasherehekea: Kiswahili ni bidhaa, Kiswahili ni fursa, Kiswahili ni ajira. Ni mara chache kusikia kuwa Kiswahili ni amana.

Wala si sisi peke yetu ambao shabaha zetu hubadilika. Cairo ilianza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1954, London mwaka 1957, Peking mwaka 1961. Je, walijifunza lugha yetu kwa mapenzi? Huenda baadhi ya watangazaji waliipenda kweli, lakini kila serikali ilikuwa na haja yake. Na haja ikiisha, sauti hunyamaza. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha matangazo ya Sauti ya Amerika, pamoja na ya Kiswahili, na wasikilizaji wa miaka mingi wakafungua redio zao wasimsikie mtu. Hilo ni somo kwetu: urafiki uliojengwa juu ya faida hudumu muda wa faida yake.

MIZANI YA DINI

Sasa tuingie katika hukumu, na tusikimbilie kulaumu. Biashara si aibu. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume, na Bibi Khadija (R.A.) alimjua kwa uaminifu wake wa biashara. Uislamu wenyewe ulifika katika pwani zetu kwa majahazi yaliyobeba tende na nguo, na lugha hii tunayoiandika imekuzwa na sokoni pia. Serikali inayotafuta riziki ya watu wake inafanya wajibu wake. Asemaye kuwa mtalii ni haramu na fedha yake ni uchafu hakuijua dini.

Uislamu pia haukuja kuwanyang'anya watu mila zao njema. Imepokewa kuwa siku ya Idi watu wa Habasha walicheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Madina, na Bwana Mtume akamsimamisha Bibi Aisha (R.A.) nyuma yake ili atazame mpaka achoke mwenyewe. Utamaduni wa Waafrika ulionyeshwa Madina, tena katika msikiti.

Basi kasoro huingia wapi? Huingia pale zawadi inapokuwa chambo. Soma katika Suratun Naml habari ya Malkia wa Sabaa. Alipopata barua ya Nabii Suleiman (A.S.) aliwapeleka wajumbe na zawadi, angoje kuona watarudi na jawabu gani. Nabii Suleiman aliikataa, akawajulisha kuwa aliyopewa na Mola wake ni bora kuliko waliyomletea. Hakukataa kwa kiburi. Alijua kuwa zawadi ile ilikuwa na kamba mkiani.

Kisa kilicho karibu nasi zaidi ni kile cha Habasha, bara letu wenyewe. Makureshi walipowatesa Waislamu wa mwanzo, kundi moja lilikimbilia kwa Mfalme Najashi. Makureshi wakawatuma Amr bin Al-As, kabla hajasilimu, na mwenzake, wakiwa na ngozi nzuri za Makka, ambazo zilipendwa sana katika nchi ile. Wakawapa wakubwa wa baraza kwanza, kisha wakampa mfalme, halafu ndipo wakaomba warejeshewe wakimbizi. Hapo ndipo aliposimama Jaafar bin Abi Talib (R.A.), aliyekuwa hana hata ngozi moja ya kutoa. Akasema nini? Hakuwasifu Waarabu. Alikiri mbele ya mfalme wa kigeni kuwa wao walikuwa watu wa ujinga, wakiabudu masanamu, wakila mizoga, wakikata udugu, mwenye nguvu wao akimla mnyonge, mpaka Mwenyezi Mungu alipowaletea Mtume. Kisha akasoma katika Surat Maryam, na Najashi akalia.

Siku ya pili akaulizwa juu ya Nabii Isa (A.S.), na alijua kuwa jawabu lingeweza kuwaponza. Angekuwa balozi wa kutafuta faida angelilainisha. Yeye akasema lile alilofundishwa, wala hakuongeza wala hakupunguza. Najashi akawapa amani, akazirudisha zile ngozi kwa wenyewe.

Ndugu msomaji, tazama pande mbili hizi. Makureshi walikuja na utamaduni wao wa kupendeza na shabaha iliyofichwa. Jaafar alikuja na ukweli, hata ule wa kuwaaibisha watu wake. Na yule mwenyeji Mwafrika, aliyewahifadhi wakimbizi bila ya kutaka malipo, ndiye aliyebaki na jina. Mazimbu ilikuwa katika mwendo huo.

MAMBO MATATU YA KUCHUNGA

Kutokana na hayo naona mambo matatu ambayo shabaha yo yote, mpya au ya zamani, haina ruhusa ya kuyavunja.

La kwanza ni ukweli. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukionyesha nje kile tunachokidharau ndani, tunadanganya. Chukua Kiswahili. Tunakipeleka Addis Ababa na Johannesburg, lakini mtoto wetu akimaliza darasa la saba huambiwa kuwa elimu ya sekondari atafundishwa kwa Kiingereza. Ni kweli kuwa mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hiyo ni hatua ya kusifiwa. Walakini mgeni mwenye akili akituuliza kwa nini tunamuuzia chakula ambacho sisi hatuwapi watoto wetu, tutamjibu nini?

La pili ni haki ya mwenye mali. Utamaduni una wenyewe. Picha ya Mmasai na shuka lake imebandikwa katika matangazo mengi ya kuvuta wageni. Na mwaka 2022, mwaka ule ule wa filamu, familia za Kimasai zilianza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilisema kuwa wanahama kwa hiari, ili hifadhi isalimike na wao wapate huduma. Wengi wao walilalamika kuwa wanatolewa katika ardhi ya wazee wao. Mimi si kadhi wa shauri hilo. Nasema tu kuwa anayefaidika kwa sura ya mtu ana deni la kumsikiliza mtu huyo. Kuipenda picha na kumchoka mwenye picha ni dhulma.

La tatu ni mipaka. Biashara ina vitu inavyouza na vitu isivyouza. Msikiti si duka, maziko si tamasha, heshima ya mabinti zetu si pambo la hoteli. Wale Wahabeshi wa Madina walicheza mchezo wao katika siku ya furaha. Hapana aliyewaita wacheze kila jioni mbele ya meza za wanaokula, wakanyamaza njaa ikiwauma. Mila ikishatolewa katika siku yake na mahali pake ikawekewa bei, wenyewe huanza kuipunguza wakati mnunuzi ana haraka, na kuibadilisha anapotaka vingine. Mwisho wake mjukuu haijui ya asili.

ASANTE YA PUNDA

Najua yuko atakayesema: "Sheikh, hayo ya udugu tuliyafanya, tukapata nini? Mwaka 2008 Afrika Kusini watu zaidi ya 60 waliuawa katika ghasia za kuwachukia wageni, na wengi katika waliouawa na kufukuzwa walikuwa Waafrika kutoka nchi zilizowasaidia. Asante ya punda ni mateke. Heri tuuze, tupate chetu mapema."

Hoja hii ni nzito, na uchungu wake ni wa kweli. Lakini itazame vizuri. Anayelalamika kuwa hakushukuriwa ameonyesha kuwa alitoa kwa kukopesha. Mwenyezi Mungu, katika Suratud Dahr, amewasifu wale wanaowalisha maskini, yatima na mateka, nao katika nyoyo zao hawataki kwao malipo wala shukrani. Wema haubatiliki kwa ubaya wa aliyetendewa. Hubatilika kwa masimango ya aliyetenda. Ubaya wa 2008 utaulizwa kwa waliouua. Ardhi ya Mazimbu itahesabiwa kwa walioitoa.

Isitoshe, hata kwa hesabu ya dunia, angalia kilichodumu. Matangazo ya kuvuta wageni hulipiwa upya kila mwaka, na mwaka usipolipia husahauliwa. Mazimbu haikutangazwa, na miaka zaidi ya 40 baadaye wangali wako wazee Afrika Kusini wanaotaja Morogoro kama mtu anavyotaja kwao.

MAJUMBANI MWETU

Ninyi wa Tanga na Bagamoyo, wa Unguja na Pemba, wa Kilwa, Mombasa na Lamu, jambo hili liko mlangoni kwenu kuliko kwa mabalozi. Mgeni hukutana na mchukuzi wa mizigo, na mama muuza vitumbua, na kijana wa ufukweni, kabla hajakutana na waziri. Wao ndio taifa machoni pake. Basi tuwafundishe watoto wetu kumwamkia mgeni hata asiyenunua kitu. Wasimpunje kwa kuwa hajui bei. Wala wasiikimbie chuo na skuli kwa kumfuata mgeni nyuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone: na kupona huko si kwa mfuko tu, bali mgeni hutukumbusha kufagia nyumba.

Lakini tufagie na vyumba vya ndani, si sebule pekee. Nyumba njema si mlango. Nyumba ambayo mgeni hupewa sahani ya kaure na yatima wa nyumba hiyo akala katika kifuu, sahani ile haikumheshimu mgeni, ilimdanganya.

Serikali itaendelea kubadilisha shabaha zake, kwa kuwa zama hubadilika na matumbo ya watu yanataka chakula. Kesho huenda ikawa tena jambo jingine tusilolijua. Letu sisi ni kuihoji kila shabaha mpya kwa mizani ile ile: je, tunayoyasema juu yetu ni kweli? Je, mwenye mali amepewa haki yake? Je, tumebakisha kitu kisichouzwa? Ikijibu vyema, na iwe biashara yenye baraka. Isipojibu, hata iwe na faida ya mamilioni, ni zile ngozi za Makka mbele ya Najashi.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wakarimu bila ya masimango, wafanyabiashara bila ya udanganyifu, na wenye kuijua thamani ya tulivyorithi kabla mgeni hajatuambia bei yake. Amin.

Wassalaam.